Wali wa Mjomba Amisi

Kasongo, Jumapili mchana

Veronika mwanangu,

Tangu Alhamisi hatujasemezana vizuri, na kesho asubuhi lori linakuchukua. Umetoka na mama yako kwenda kumuaga shangazi yako upande wa sokoni, mvua imewafungia huko, na mimi nimekaa na daftari lako la zamani, lile lililobaki na kurasa tupu mwishoni. Nimezichana zote. Mambo ya sanduku, ya shuka, ya nani atakupokea Kindu na nani usimwachie mzigo wako, mama yako amekwisha kuyasema mara tatu, na hapo sina la kuongeza. Nataka kukueleza kwa nini siku ile niliisukuma sahani nikatoka nje, maana naona umebaki ukidhani nimeikasirikia kazi yako.

Sikuikasirikia kazi. Niliyakasirikia maneno uliyoyasema huku unakula. Ulikuwa umekaa na mama yako kwenye mkeka, mimi nipo mezani kama kawaida yangu, nawe unamsimulia mambo ya foyé, ile nyumba ya kufundishia wanawake kupika na kushona ambako unakwenda kuwa mwalimu. Ukasema masista waliwaonyesha picha za watoto wa kambi za migodi: matumbo makubwa, miguu kama vijiti, nywele nyekundu. Ukasema mtawafundisha mama zao kutia karanga kwenye uji. Kisha ukasema, "Si njaa, mama. Ni kwamba hawajui kulisha."

Mama yako aliacha kutafuna. Akanitazama mara moja tu, halafu akalirudia tonge lake la bukari, ugali wetu wa kila siku.

Hizo picha sikuziona, Veronika. Watoto niliwaona. Wewe ulikuwa mmoja wao. Ulipokuwa na miaka mitatu nywele zako zilikuwa na rangi ya vumbi la barabara, na mama yako alikuwa anajua kulisha kuliko sista yeyote atakayekusimamia huko uendako. Ila kati ya chakula na watoto palikuwa na mlango, na mlangoni palikuwa na mtu. Hilo ndilo lililonitoa mezani. Ngoja nianzie mbali kidogo.

Mimi nilikulia Lusangi. Kwetu hapakuwa na mtu mwenye chakula chake peke yake. Jioni wanaume walikaa barazani, na kila nyumba ilileta kikapu cha bukari na chungu cha mboga. Sisi wavulana tulikaa nyuma ya baba zetu tukinyoosha mikono katikati yao. Kila chungu tulikijua bila kuambiwa. Sombe ya mama yangu, yale majani ya muhogo ya kutwanga, ilikuwa na karanga nyingi na mawese kidogo. Ya mke wa baba mkubwa ilikuwa na mawese mpaka inang'aa. Palikuwa na mama mmoja mzee, hana mume wala mtoto, yeye alileta uyoga tu, na uyoga wake ndio uliokwisha kwanza kila siku. Mvua za kwanza zikinyesha tulikamata kumbikumbi, tukawakaanga bila kuongeza kitu kwa sababu wana mafuta yao, tukala mpaka matumbo yakauma. Viazi vikuu tulivifukia kwenye majivu ya moto. Kwa ajili ya ukoko wa chini ya chungu tulipigana kweli, kwa ngumi.

Sisemi kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Dada zangu walikula jikoni na mama zetu, sisi tukisha kula, na mara nyingi walipata mchuzi usio na nyama. Sikuwahi kuuliza. Ukitaka kujua nilijifunza wapi kushiba mbele ya mwenye njaa bila kuona haya, anzia hapo.

Halafu pamba ya wazungu ikaja. Kila mwanaume alipimiwa shamba kwa kamba, na aliyekataa kulima alifungwa. Shamba la karanga la mama yangu, lililokuwa nyuma ya nyumba, likawa la pamba. Pamba hailiwi. Mama alishinda kwenye pamba, akirudi amechoka, akaanza kupika mara moja kwa siku, tena muhogo na majani matupu. Na kuna jambo ambalo wakati ule sikulielewa: barazani watu walianza kupungua. Mmoja alisema tumbo linamsumbua, atakula ndani. Mwingine alisema ana wageni. Kumbe kila mtu aliona haya kuleta kikapu kidogo mbele ya wenzake. Misimu mitatu tu, tukawa tunakula kila mtu kwake, mlango umerudishwa. Wazungu hawakutukataza baraza. Walichukua karanga, baraza likafa lenyewe.

Niliikimbia pamba nikaenda kuandikisha jina langu kwenye migodi. Nilikuwa nimesoma misheni miaka minne, najua kusoma majina ya watu. Nilipitia Kabambare nikamwoa mama yako. Kwao ni Waislamu, yeye akabatizwa, na baba yake aliudhika mwaka mmoja kisha akanyamaza. Mdogo wake wa kiume, mjomba wako Amisi, akatufuata kambini na mke wake Zaina. Yeye aliingia shimoni kuchimba mawe yenye madini. Nyumba zetu zilipakana ukuta.

Mwanzoni kampuni ilitupa posho kila Jumamosi: unga, maharagwe, samaki wakavu, chumvi, mawese. Mama yako na Zaina walichanganya posho zetu mbili na kupika chungu kimoja. Tulikula pamoja uani, sisi wanne na watoto. Ulipoacha kunyonya, Zaina ndiye aliyekutengenezea uji. Alitwanga karanga na samaki wadogo wakavu mpaka wakawa vumbi, akakoroga kwenye unga wa mahindi. Aliyemfundisha ni mama yake. Sasa unaelewa kwa nini ulipotaja karanga kwenye uji, kama kitu kinachotoka Ulaya, mama yako aliacha kutafuna.

Kisha wazungu wakaanza kupigana kwao, na mawe yakatakiwa mengi zaidi. Watu wa shimoni wakakonda. Daktari wa kampuni aliwapima, akasema wanakonda kwa sababu wanagawa posho yao kwa wake na watoto na ndugu. Alisema kweli. Dawa yao ikawa hii: posho ya Jumamosi ikakatwa, wakajenga kantini, jengo refu lenye bati na meza za mbao, na kila mfanyakazi akawa anapikiwa humo. Unakula ndani, unamaliza ndani, unatoka mikono mitupu. Wanawake wakabaki na kopo la unga kwa wiki na ruhusa ya kulima, lakini ardhi ya karibu ilikuwa imechimbwa yote na ya mbali ilikuwa ya mwendo wa nusu siku. Bwana wa kambi alitukusanya akatueleza kwa Kiswahili chake. Alisema, "Chakula hii iko ya mutu wa kazi. Mashini unatia mafuta, hutii mafuta kwa mutoto wa mashini." Watu wengine walicheka. Mimi pia nilicheka.

Walihitaji kapita wa mlango, mtu wa kuita majina watu wakiingia na kuwapapasa wakitoka. Wakanichagua mimi. Nimejiambia miaka mingi kwamba nisingeweza kukataa. Ningeweza. Mwenzangu mmoja alikataa akarudishwa shimoni, basi, hakuuawa. Mimi nilikubali kwa sababu kapita alikaa kwenye benchi yake peke yake, na sahani nyeupe ya bati, na nyama mara tatu kwa wiki. Nilikula nikashiba, na shibe ilinipendeza. Nakuandikia neno hili kwa hasira, lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Watu waliiba chakula chao wenyewe. Wali ndani ya kofia. Maharagwe ndani ya shavu, mtu anapita ameziba mdomo, hawezi kuitikia salamu. Kipande cha samaki kati ya vidole vya mguu. Niliwakamata. Nilijua kuangalia mkono na kujua umebeba nini kabla sijaugusa. Jioni nilirudi nyumbani nimeshiba, nikamkuta mama yako amechemsha majani, nikakaa nje mpaka mmalize kula.

Zaina alikuwa na watoto watatu. Wa mwisho, Shabani, alikuwa mdogo kwako kwa miezi michache. Miguu yake ilianza kuvimba kwanza, kisha akaacha kulia. Mtoto akiacha kulia, mwanangu, hata mjinga anajua.

Siku moja mchana Amisi alifika mlangoni. Nilinyoosha mikono kumpapasa kama wengine, na chini ya kwapa lake nikagusa kitu chenye joto. Wali umefungwa kwenye jani la ndizi. Alinitazama usoni. Hakuogopa, nadhani alifurahi kwamba aliyekuwa zamu ni mimi. Akasema chini chini, "Shemeji, ni ya watoto. Hata Veronika atakula."

Nilivuta lile jani nikaliinua juu, nikamwita kapita mkubwa kwa sauti.

Nyumbani nilieleza kwamba bwana wa kambi alikuwa amesimama nyuma yangu anaangalia. Nilimwambia mama yako hivyo, nikamwambia padre hivyo. Si kweli. Bwana alikuwa amekwenda kulala, ilikuwa saa ya jua kali. Nyuma yangu palikuwa na ukuta. Angepita tu. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Nilifanya kwa sababu mkono wangu ulikuwa umezoea, na kwa sababu, sikia hili, nilimkasirikia. Nilikasirika kwamba amenitia aibu ya kunifanya nichague. Alikuwa na njaa, na hasira nikawa nayo mimi.

Amisi alipigwa fimbo mbele ya mstari mzima. Wali ulimwagwa. Kesho yake waliondoka, yeye na Zaina na watoto, kwa miguu, kurudi Kabambare. Mama yako aliwasindikiza mpaka mwisho wa barabara ya kambi. Shabani alifika Kabambare, lakini mwezi haukuisha.

Sasa rudi kwenye picha zako. Inawezekana mmoja wa watoto wale ni yeye. Yule sista hajui, aliyepiga picha hajui, na chini yake wameandika kwamba mama hakujua kulisha. Na binti yangu, niliyemsomesha mimi, anayasema maneno hayo nyumbani kwangu, na mdomoni ana samaki.

Miaka mitatu baada ya kuacha mgodi, tulipokwisha kuhamia hapa Kasongo na mimi nimeshika kazi ya useremala, nilikwenda Kabambare kwa baiskeli kuwapa pole. Nilichelewa miaka hiyo yote. Walinipokea kama mkwe anavyopokewa. Walinichinjia kuku. Waliniwekea maji ya kunawa, wakaniwekea bukari na kuku mzima mbele yangu, na Amisi akakaa upande wa pili wa sinia. Nilinawa nikamngoja anyooshe mkono. Hakunyoosha. Alikaa tu, mikono magotini. Zaina alisimama mlangoni pa jiko akasema, bila kupandisha sauti, "Kula, shemeji. Kula mpaka ushibe."

Nilikula. Sikujua la kufanya, nikala. Hakuna chakula nilichowahi kukila kilichonishinda kumeza namna ile. Nikaondoka siku ile ile.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka saba, ulificha kipande cha samaki kwenye gauni umpelekee rafiki yako wa jirani? Nilikushika kifundo cha mkono mpaka ukapiga kelele. Ulidhani nimekasirika kwa sababu ya samaki. Mkono wangu ulikuwa umekwenda wenyewe. Nilikupapasa, Veronika. Mwanangu mwenyewe, nyumbani kwangu mwenyewe. Tangu siku hiyo ndipo nilipojitenga nikawa nakula mezani peke yangu, na kila mmoja na sahani yake. Ulikuwa unawaambia wenzako kwamba baba yako anakula kizungu, na ulijivuna. Hakuna uzungu hapo. Siwezi kukaa kwenye sinia moja na watu kwa sababu macho yangu yanafuata mikono yao. Naona nani amechukua kubwa, nani ameweka kando. Nina miaka hamsini na kitu na siwezi kula na wanangu.

Hivyo ndivyo tulivyofika hapa tulipo. Kule Lusangi mikono kumi na mitano kwenye chungu kimoja, hapa uma mmoja na baba anayetazama ukuta. Watu watakuambia huko Kindu kwamba haya ni maendeleo, na wewe utapewa chaki uyachore ubaoni. Mimi naona hasira inanipanda mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Lakini nenda. Sitasema usiende. Wewe ni mtu mzima, kazi umeitafuta kwa jasho lako, na si kila wanachofundisha ni uongo. Maji ya kuchemsha yalimponyesha mdogo wako Pauli, nami nilikuwa wa kwanza kuyadharau. Nakuomba jambo moja. Siku ya kwanza wale wanawake watakapokaa mbele yako, kabla hujawaambia neno, waulize nyumbani kwao kuna nini. Waulize shamba lao liko wapi na limepandwa nini. Waulize mume anakula wapi. Wakikujibu, nyamaza wamalize. Ukimwambia mmoja wao kwamba hajui kulisha mtoto wake, ujue umesimama pale nilipokuwa nimesimama mimi, umeshika tu chaki badala ya kupapasa watu.

Masista hawatapenda. Wakikufukuza, rudi nyumbani, sitakuuliza kitu.

Mvua imekatika na nasikia sauti zenu njiani. Mama yako hajui kusoma, na nilikuwa nimefikiri utamsomea wewe barua hii. Huo ni woga mwingine. Nitamwambia mwenyewe jioni hii, kwa mdomo wangu, habari ya bwana wa kambi aliyekuwa amelala.

Jumatatu, jua halijatoka

Nimemwambia. Wewe ulikuwa kwa jirani unasukwa nywele. Alikuwa anakunja nguo zako, akaendelea kukunja mpaka nikamaliza. Akaniuliza kama nimekwisha kukuambia wewe. Nikasema nimekuandikia. Akasema, "Umemwandikia mutoto kwanza, halafu mimi."

Kisha akaniambia kwamba anajua. Amisi alimwambia jioni ile ile, mgongo wake haujakauka damu. Nikamwuliza kwa nini hakusema, kwa nini alikaa na mimi miaka yote hii, akanipikia. Aliiweka nguo chini. Alisema, "Nilikuwa na mutoto wa miaka mitatu, na wewe ndiwe uliyekuwa na kazi. Ningekwenda wapi? Nilikaa ili huyu asife."

Huyu ni wewe.

Akasema sasa mutoto amekua na anaondoka. Yeye atakwenda Kabambare kwa Zaina, atakaa mpaka mpunga uvunwe, na baada ya hapo ataona. Aliuliza kama na mimi nitakwenda siku moja kuwaambia wale watu kwamba nyuma yangu palikuwa na ukuta. Nikasema nitakwenda. Akasema nisifuatane naye, niende kwa miguu yangu mwenyewe.

Asubuhi hii hakuwasha moto. Nimewasha mimi. Nimekuchemshia viazi vitamu vya njiani. Vingine naona havijaiva katikati, sijui vinachukua muda gani. Nimevifunga kwenye kitambaa cha bluu pamoja na karatasi hizi. Ni vingi kuliko utakavyoweza kula peke yako. Wagawie utakaokaa nao kwenye lori.

Ni mimi, baba yako,
Petro